Ni Wewe?

Hapa Punta Arenas, mwezi wa sita,
jua huchomoza saa nne asubuhi kama mtumishi aliyechelewa kazini,
na upepo ukizidi, manispaa hufunga kamba barabarani
ili watu washike wasipeperushwe.
Kamba hizo nazijua tangu utoto.
Sikujua kwamba nenosiri ni uzi tu.

Barua pepe ilimfikia Don Eleuterio Mansilla Jumanne,
nembo ya hospitali juu, lugha ya adabu:
akaunti yako itafungwa leo, thibitisha hapa.
Anwani ilikuwa yetu, ila penye "m"
palikaa "r" na "n", zimebanana kama wanafunzi wa dawati moja.
Macho ya miaka sitini na mbili, vidole vya baridi,
orodha ya mishahara inasubiri.
Akaandika: jina la mbwa wake aliyekufa, na mwaka aliooa.

Usiku ule Eleuterio alikuwa amelala
na Eleuterio alikuwa akitembea.
Alitoka uhasibu akaingia stoo ya dawa,
akatoka dawa akaingia eksirei,
akafungua majina ya wagonjwa, akahesabu wauguzi,
akahamisha mishahara ya arobaini na mmoja
kwenda benki ambayo hakuna aliyewahi kuisikia.
Hakuvunja kitu. Hakuna kengele iliyolia.
Ukuta wetu ulikuwa mmoja, mnene, wa nje;
ndani tulitundika mapazia tukayaita milango.

Mtu akibisha huulizwa: nani?
Naye hujibu: mimi.
Neno hilo kila mtu analo.
Mwizi analo.

Muuguzi Yoselyn Barría alikuja na bili ya gesi.
Hakupiga kelele. Aliiweka juu ya meza yangu,
akavuta kiti, akakaa.
Nyumba bila gesi, mwezi wa sita, hapa.

Basi nikaanza kuuliza.
Miezi minne niliishona hospitali upya, chumba kwa chumba,
kila mlango na bawabu wake,
na bawabu hajui undugu.
Jina pekee halitoshi. Kompyuta hii ni ya nani?
Kidole kiko wapi? Mbona uko mjini
na dakika tano zilizopita ulikuwa bara jingine?
Ukiingia uhasibu, umeingia uhasibu.
Dawa ni safari nyingine, hodi nyingine.

Don Eleuterio akasimama mbele yangu, kofia mkononi.
"Miaka kumi na tisa, binti Vukasović.
Fomu yako ya kwanza ya ajira niliipiga muhuri mimi.
Leo mashine yako inaniuliza mimi ni nani
mara sita kabla ya chai?"

Ningemwambia nini? Kwamba mwizi hakuanza na pesa,
alianza na imani yetu kwake, akaivaa kama koti,
nayo ikamkaa?
Nikamgeuzia skrini yangu.
Ule ufunguo mkuu, uliofungua kila kitu, sinao tena.
Nikiuhitaji nauomba, kwa saa moja, kwa sababu iliyoandikwa,
na Nayaret wa zamu ya usiku hukubali au hukataa.
Wiki iliyopita alikataa.
"Hata wewe?"
Hata mimi. Hasa mimi.
Akaondoka bila kusema kama amesamehe.

Mwaka uliofuata, Agosti, saa tisa na dakika kumi na saba usiku,
simu yake iliwaka kando ya kitanda:
kuna mtu anaingia kwa jina lako. Ni wewe?
Aliketi, upepo ukigonga mabati,
mkewe akinung'unika nani huyo saa hizi,
akausoma ujumbe mara mbili
kama mtu aliyeona sura yake kwenye dirisha la jirani.
Akabonyeza: siyo mimi.
Na mahali fulani, mkono fulani
ukakuta mlango ni mlango.

Asubuhi alileta maandazi ya boga
ndani ya karatasi iliyolowa mafuta.
Mlango wa ofisi yangu ulikuwa wazi.
Akabisha hata hivyo.
"Nani?" nikauliza, bila kugeuka.
Kimya.
Kisha nikasikia anapapasa mfukoni,
anatafuta kadi.