Mwiko Haumo Kwenye Orodha

Vueni viatu, tafadhali. Mbao hizi za msonobari
hazijapigwa rangi tangu mwenye nyumba azikwe.
Huoshwa kwa sabuni laini kila Alhamisi,
na anayeziosha ni mimi, Sidsel,
mwenye funguo, mwenye ufagio,
mwenye mshahara wa nusu siku.

Msiguse. Brashi arobaini na moja zimo kwenye kopo la biskuti,
zimekakamaa kama ndevu za mtu aliyelala kwenye theluji.
Tapentaini imekauka, harufu imegoma kutoka.
Alama hii ya dole gumba, ya buluu, kwenye fremu ya dirisha,
baraza la mji limeiwekea kioo.
Koti lake liko msumarini. Mfukoni mna hati
ya samaki bapa wawili aliowakopa.
Muuza samaki naye ameshazikwa.
Deni limegeuka urithi.

Wageni huuliza: alisafiri bahari ngapi?
Hapo huuma mdomo nisicheke.
Thorvald Ejlskov, mchora tufani,
ambaye meli zake zimezama katika sebule za matajiri wa Kopenhagen,
hakuweza kuvuka hata ghuba bila kutapika.
Mara moja tu alipanda boti ya waokoaji;
walimrudisha amelazwa kama gunia la viazi.
Tangu hapo bahari ndiyo iliyomfuata,
ndani ya beseni hili la bati lenye kutu ukingoni.
Alimwita Maren, mpishi wake: "Koroga."
Naye akakoroga kwa mwiko wa uji,
taratibu kwa upepo wa magharibi,
kwa mikono miwili kwa Novemba,
na maji yaliyoruka sakafuni
aliyeyapangusa ni yeye.
Maren alimzaa mama yangu.
Kwenye orodha ya makumbusho ameandikwa "mtumishi."

Sogeeni. Hii iliyo kwenye kiegemeo haikuisha.
Mwaka ule Laust, mume wa Maren, alitoka kuvua,
na mashua ikarudi peke yake, tumbo juu.
Wiki ya sita Bwana akatandaza turubai jipya.
"Koroga," akasema, kama siku zote.
Akakoroga. Bwana akachora. Povu, mgongo wa wimbi,
ule weupe uliomtajirisha.
Kisha bibi yangu akausimamisha mwiko.
"Hayako hivyo," akasema.
Basi. Hayako hivyo.

Hakumjibu. Aliipangusa brashi kwa kitambaa,
akaigeuza,
akampa kwa upande wa mpini.

Tazameni chini, pembe ya kushoto,
kipande kisichozidi kiganja.
Si buluu, si kijani; ni rangi ya maji yaliyooshewa vyombo.
Hakuna povu. Hakuna wimbi.
Maji yamefunga tu, kama mlango wa watu waliohama.
Wataalamu walikuja na taa zao, wakainama, wakaandika:
mkono wa mchoraji umeanza kuzeeka.
Mimi nilikuwa nyuma yao na ufagio. Nikanyamaza.
Baada ya hapo aliishi miaka tisa
akichora matofaa. Matofaa kwenye sahani.

Dirisha? Karibuni, lakini msitarajie mengi.
Lile ni gati jipya, kile ni kiwanda cha barafu,
yale ni magari ya Wajerumani waliokuja kupiga kambi.
Mchanga umeisukuma pwani nyuma, hatua mia tatu au zaidi.
Humu tumehifadhi kila kitu,
hata mba kwenye ukosi wa koti.
Bahari ilikataa.

Nafunga saa kumi. Vaeni viatu nje, barazani.
Naam, wewe mtoto, umeuliza vizuri,
wakubwa hawaulizi:
beseni lipo, mwiko uko wapi?

Haumo kwenye orodha.
Uko kwangu jikoni, kwenye mtungi, karibu na chumvi.
Asubuhi ya leo nimekorogea uji.