Ukuta Namba Kumi na Saba

Msingi wa baba una miaka kumi na tisa.
Umeota majani, umeota mparachichi,
kuku wa jirani wanautagia.
Daftari lake ninalo:
saruji mifuko kumi na miwili, mchanga lori moja,
"fundi kachukua kianzio, hajarudi,"
kisha ukurasa mweupe,
kisha hesabu za hospitali.

Mama analala pembeni, kwenye nyumba ya mbao.
Kila masika hutega sufuria tatu,
na ya nne tangu mwaka juzi.

Huku Uru tunajenga kama tunavyolipa deni:
leo matofali hamsini, Pasaka hamsini mengine.
Krismasi tunapanda kutoka mijini,
tunasimama ndani ya chumba kisicho na paa,
tunasema, "Hapa patakuwa sebule,"
tunakunywa kisusio, tunaondoka.
Nani hapa hajamzika mzazi
aliyeacha msingi na ramani?

Mimi nilichoka na "patakuwa".

Nikashuka Moshi mjini, kwenye karakana nyuma ya reli.
Kijana Ndelilio akatandaza karatasi mezani,
akauliza vyumba, upepo, mteremko, mlango.
Nikajibu yote, nikasahau moja.
Bei ikawa ile ile, imegongwa muhuri.
Haikupanda saruji ilipopanda,
haikuomba nauli,
haikufiwa na shangazi kila Jumatatu.

Lori likagoma chini, kwenye kona ya mfereji.
Basi watu wakaja.
Nimeona tukibeba wagonjwa kwenye njia ile,
nimeona vitanda, nimeona majeneza;
sijawahi kuona ukuta
ukipita katikati ya migomba kwa miguu minane,
na dirisha lake, na anga ndani ya dirisha,
kama nyumba iliyopotea mjini
na sasa imekumbuka njia.

Fundi Kirenga alikuja pia. Ndiye yule wa daftarini,
kichwa chote mvi.
Hakusema kitu.
Aliweka pimamaji juu ya msingi wake mwenyewe:
kona ya mashariki imezama vidole vitatu.
Akang'oa mparachichi kwa mizizi, akauhamishia uani,
akaichanganya zege, akaisawazisha kona.
Jioni nikampa hela. Akazitazama,
akazirudisha mfukoni mwangu.

Siku ya nne, paa.
Mama Aikande wa ng'ambo ya kijito
akagonga ukuta kwa kidole. "Boksi," akasema.
Akagonga tena, kwa ngumi,
akabaki anapuliza vidole vyake.

Ndipo mama akaingia.
Akapita vyumba vyote bila neno, kama mkaguzi,
akavuta kigoda, akakaa jikoni.
"Dirisha linatazama choo cha watu.
Baba yenu yuko upande ule."

Nikainamisha kichwa.
Ukuta wa tofali hausikilizi maneno ya aliyechelewa;
lingekuwa jambo la nyundo na vumbi,
na Krismasi mbili nyingine za "patakuwa".
Ndelilio akafunua karatasi zake, akacheka.
"Kumi na saba na ishirini na moja
ni ndugu wa kimo kimoja."
Akachukua spana.
Bolti zikatoka, zikarudi,
na chai ya pili ilikuwa bado inafuka
mama alipoona kaburi, na sale lililopandwa kichwani,
na ndizi mbivu iliyolemea upande wa mlima.

Sisemi nyumba hii itaishi kuliko mawe.
Sijui. Nasema imemkuta mama akiwa hai.

Kwenye ule ukurasa mweupe
nimeandika tarehe, na chini yake:
"Kianzio kimerudi."

Sufuria nne nazo zimerudi jikoni.
Juzi usiku masika yalikuja, yakagonga ukuta,
yakagonga kwa ngumi,
nikamsikia mama akigeuka kitandani:
"Gonga tu."