Kurasa Zisizokatwa

Idwal alikinunua mnadani, Machynlleth, mvua ikinyesha,
kwa fedha alizoweka za kuezekea paa.
Toleo la kwanza. Nakala mia mbili tu.
Jalada la kijani lanuka uyoga;
ukurasa wa tisa, herufi moja imesimama kichwa chini,
ndiyo alama, wajuzi huitafuta kwa lenzi.

Kuanzia wa arobaini karatasi zingali zimeshikana:
hakuna kisu kilichowahi kupita.
Akizikata, bei yaporomoka.
Asipozikata, hatajua ni nani agongaye mlango wa ghala
tangu babu yake hajazaliwa.

Sebuleni, ndoo chini ya dari:
ndo, ndo, ndo.

"Kinatisha?" auliza dadake, Nesta.
"Sijui," ajibu Idwal,
akipangusa siagi kwenye kisu.