Maelezo ya Kifurushi

Nafasi waliyonipa ni mstari mmoja.
Naandika: Husoma maandishi kwa sauti. Ni bure.
Nafuta "bure". Hapa Sikonge
cha bure huonjwa kwa ncha ya ulimi,
kama asali ya mtu usiyemjua.

Sauti yenyewe haina kifua.
Haikohoi, haimezi mate,
hutamka kama karani aliyebanwa na kiatu.
Juzi ilisema "n-gombe",
Kalunde akacheka mpaka fimbo yake nyeupe ikaanguka:
"Huyu kakulia wapi, asiyejua ng'ombe?"

Usiku kucha nikahangaika na kidoa kimoja,
kile kinachoning'inia kando ya g,
hadi mashine ikajua kulipitisha neno puani.

Asubuhi akaipa jumbe za mwanawe aliyeko Urambo,
za miezi saba,
ambazo majirani walimsomea kwa kuruka mistari.
Mashine haikuruka.
Ikasoma tumbaku iliyokataliwa sokoni.
Ikasoma deni, ikasoma talaka,
ikasoma, kwa sauti ileile ya karani:
"Jirani, hapa usimsomee mama."

Kalunde akainamisha kichwa.
Kisha: "Irudie. Polepole."

Narudi kwenye mstari wangu:
Husoma yote. Haina haya.