Sita na Nukta Mbili

Daftari la kituo cha tatu, juu kule Kibosho,
lina jalada la kijani lililoliwa na mende pembeni.
Miaka kumi na mmoja, kila Jumatatu,
mwandiko uleule, wino uleule wa buluu:
Msukumo: sita na nukta mbili. Hali: njema.
Sahihi: A. Mshiu.

Nilisoma nikicheka kidogo kidogo,
kisha kicheko kikanikauka.
Masika yaliyobeba daraja, sita na nukta mbili.
Kiangazi kilichofukuza nyuki, sita na nukta mbili.
Wiki ile chanzo kilipozibwa kwa ukarabati
na bomba likawa tupu kama filimbi,
sita
na nukta mbili.

Niliigonga geji kwa kifundo cha kidole.
Mshale haukutikisika.
Nikaigonga kwa spana.
Ukashuka hadi sifuri, taratibu,
kama mtu aliyesimama muda mrefu
akisubiri kuambiwa aketi.

Simlaumu sana Mzee Mshiu.
Alipanda kilima hiki kwa miguu, mvua na jua,
buti moja limeshonwa kwa waya,
akaandika alichokiona.
Hatukumtuma aulize
kama kile kinachomjibu kingali hai.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, tulifunzwa hivyo.
Bomba la chuma halikupi ufa wa kukuonya.
Hukonda kwa ndani, rangi ya nje ikiwaka,
chini ya migomba ya watu,
chini ya uwanja ambapo watoto wa shule huruka kamba,
hatua tisa kutoka jikoni kwa Ndeonasia.

Nilitambaa na kipimo changu mfereji mzima.
Milimita nane. Nane. Saba. Nane.
Kwenye kona, karibu na kilabu cha mbege: mbili.
Nikafuta tope, nikapaka mafuta upya, nikapima tena.
Mbili, pungufu kidogo.
Walevi waliniuliza nimepoteza nini.

Ilikuwa tarehe ishirini na moja Desemba.
Stendi ya Moshi ilikuwa inatapika wana waliorudi nyumbani,
masanduku, majiko ya gesi, wajukuu wasiojua Kichagga,
na mbuzi walikuwa wamefungwa tayari, wakitafuna kamba zao.
Meneja Elifuraha Kileo alinimiminia chai ya tangawizi.
"Mkaguzi," akasema, kwa upole kabisa,
"limekaa miaka yote hiyo.
Litashindwa kukaa siku tano?"
Akanisogezea kalamu.

Kifungu cha kanuni nilikijua, namba yake na aya yake.
Kikanikwama kooni.
Nikamwuliza tu: "Ndeonasia ana watoto wangapi?"
Hakujibu. Alitazama dirishani,
mlima ulikuwa umejifunika shuka.
Halafu akachukua kofia yake, akanifuata.

Vali ile ina mizunguko arobaini na miwili.
Kumi na minane niliizungusha mimi,
iliyobaki aliizungusha yeye, akitukana kwa pumzi,
sijui ananitukana mimi au chuma.

Mji ulinilaani Krismasi nzima.
Mifereji ilikohoa hewa Majengo, ikakohoa Pasua,
na kwaya moja ilichelewa ibada kwa kukosa maji ya kuoga.
Hakuna kilichopasuka.
Hakuna aliyetangaza redioni
kwamba usiku wa mkesha Ndeonasia alichochea kuni,
akaonja chumvi kwenye kiganja,
akafunika sufuria, akalala.

Asubuhi mama alinipigia simu kutoka Njoro.
"Nani huyo mwenye roho ya korosho
aliyetufungia maji sikukuu?"
"Mimi, mama."

Nilisikia ndoo ikiwekwa chini.
Nikasikia kuku, nikasikia mlango.
"Umekula?" akauliza.