Nukta ya Tatu

Mwalimu Kashindye alijaza ubao:
mfalme wa kale wa Japani juu kabisa, kama kiota,
chini yake wana, wajukuu, vilembwe,
mistari hadi ubao ukaisha.
Mabinti akawatia nukta tu.

Nikacheka kwa pua. Kwetu Itetemia
bibi huhesabu watemi akimenya karanga:
kiti hakikushuka kwa mwana,
kilizunguka kwa dada, kikatua kwa mpwa.
"Baba husemwa," hutema ganda,
"tumbo huonekana."

Mapumziko, darasa tupu, nikaokota chaki.
Nukta ya tatu nikaiandika: Nyanzala.
Jina la bibi.

Saa tano kasoro mwalimu akashika dasta.
Alianza na mfalme.
Alipofika kwa Nyanzala
akasita, akapiga chafya,
akauliza huyu ni wa nani.