Nukta ya Buluu

Shughuli ni watu.
Huku Kakheti ni sahani pia:
kila nyumba hutoa zake,
na chini ya kila moja nukta ya rangi ya kucha
isipotee njia ya kurudi.

Matanga yamekwisha. Mitungi ya divai imelala kifudifudi.
Tsiala anaosha, anapindua, anasoma:
nyekundu, za Nazibrola.
Kijani, za Eteri, asiyesemezana naye tangu ugomvi wa uzio,
naye kaleta kumi na mbili, zote nzima.
Buluu.

Nyumba ya buluu ina kufuli; wenyewe wako Saloniki
wakilea wazee wa watu.
Anazifuta polepole,
anazipandisha kabatini kwake, rafu ya juu.

Harusi ya Jumamosi zimeshaalikwa.
Moja ina ufa.
Itakwenda hivyo hivyo.